Mashine Iliyozima kwa Baba Mdogo

Nilifanya kazi ya bustani katika hoteli moja kule Bofa kwa miaka ishirini na kitu, na muda wote huo niliwaambia watu wa nyumbani kwamba mimi ni fundi wa mashine. Haikuwa kweli. Mashine zilikuwa na fundi wake, mtu wa makamo aliyekuja kila Jumatatu na kisanduku chake cha spana. Kazi yangu mimi ilikuwa kuvuta kamba, kukata nyasi na kuirudisha mashine stoo kabla wageni hawajaamka kutoka usingizi wa mchana. Lakini mtu akirudi kwao Ganda mwisho wa mwezi anataka aonekane anajua kitu, na mimi nilipenda sana kuonekana hivyo. Nalisema hili mapema kwa sababu mengi yaliyofuata yalitoka hapo.

Hoteli ilipofungwa, meneja alitugawia vitu vilivyobaki stoo. Wenzangu walichukua viti, mapazia, masufuria makubwa ya jikoni. Mimi nikachukua mashine ya kukatia nyasi, ile ya kuning'iniza begani kwa mkanda, yenye mpini mrefu na kisu cha kuzunguka mbele, na nyuma yake injini ndogo inayokunywa petroli iliyochanganywa na oili. Kwetu masika yakikaza, majani hufika kiunoni kwa wiki mbili, na kwenye majani kuna nyoka. Nilipofika nayo nyumbani, mashine ilipokelewa vizuri kuliko mimi mwenyewe.

Mji wetu, ndivyo tunavyoita boma la ukoo, una nyumba tatu zilizopangana kwenye njia moja. Ya kwanza, karibu na barabara, ni ya kaka yangu mkubwa. Ya katikati ni yangu. Ya mwisho, kwenye mkorosho, ilikuwa ya baba mdogo, ndugu yake marehemu baba yetu, na mtu wa mwisho aliyebaki katika rika la wazazi wetu. Alikuwa mgema maisha yake yote. Alipanda minazi ya nusu ya Ganda mpaka magoti yalipomkataa, akashuka, hakupanda tena. Mke wake alikuwa amefariki, na binti yake wa pekee alikuwa akifua mashuka kwenye hoteli huko Kikambala.

Kwa adabu za kwetu, kazi ya mji huanzia kwa mkubwa. Mkubwa alikuwa baba mdogo, hilo halina mjadala. Lakini tangu baba yetu afariki, kaka alikuwa amejifanya ndiye mkubwa, na sisi wengine tukanyamaza kwa sababu kaka ana sauti na ana watoto wa kiume wanne. Basi kila nilipokata nyasi nilianzia mlangoni kwa kaka, nikapita kwangu, nikamalizia kwa mzee. Sikuwahi kufikiria jambo hilo hata mara moja.

Mashine ilikuwa na ila moja. Kifuniko cha tangi kilivuja. Nikiinamisha mpini, petroli ilichuruzika, ikanilowesha paja, na petroli kwenye jasho inawasha vibaya. Nikafanya jambo ambalo kila mtu wa pwani angelifanya. Nilikata kipande cha sabuni ya mche, nikakilainisha kwa mate, nikasiliba kifuniko kizima, juu na pembeni. Sabuni haiyeyuki kwa petroli. Hata pikipiki zikivuja tangi njiani huzibwa hivyo hivyo. Paja langu likapona, nami nikajisifu kwa mke wangu kwamba yule fundi wa Bofa asingeweza kuliwaza hilo.

Wiki hiyo hiyo mashine ikaanza kuzima.

Ilikuwa ikiwaka vizuri kwa kaka, inakata vizuri kwangu, halafu nikikaribia mkorosho sauti yake inakuwa nyembamba. Inapanda kidogo, inakohoa mara mbili, inanyamaza. Nikivuta kamba, haitaki. Nikaibeba nyumbani kwangu, kwa sababu galoni la petroli nililiweka huko, mbali na meko, nikafungua tangi kuangalia kama mafuta yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha. Nikaongeza kidogo, nikafunga, nikavuta kamba. Ikawaka mara moja.

Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu vivyo hivyo, na siku hiyo wana wa kaka walikuwa wameketi njiani wakinitazama.

Nilibadilisha plagi. Niliosha kichujio cha hewa kwa maji ya sabuni nikakianika juani. Nilichuja petroli kwa leso ya mke wangu, naye akaniambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Nilifungua kabureta, kitu ambacho sikuwahi kukifungua maishani, nikaipuliza kila tundu, nikairudisha, na kikabaki kiskurubu kimoja mkononi ambacho hadi leo sijui kilitoka wapi. Mashine ikawaka. Ikakata kwa kaka, ikakata kwangu, ikafika karibu na mkorosho ikafa.

Sasa sikuwa peke yangu katika kushangaa. Nilisikia kwanza kutoka kwa mke wangu, aliyesikia kisimani. Watu walikuwa wanasema mashine inagoma kwa mzee. Wengine wakasema inagoma kwenye mkorosho wenyewe, hatua ile ile, kila siku. Hilo halikuwa kweli. Siku nyingine ilizima hatua kumi kabla ya mkorosho, siku nyingine ilipita ikazima karibu na mlango wake. Lakini katika midomo ya watu hatua zile zilikwisha kusogezwa zikawa hatua moja.

Naomba anayesoma haya aelewe jinsi jambo hili lilivyo kwetu. Mtu akizeeka akaota mvi, hasa akiwa peke yake, hasa akiwa na shamba lenye minazi na mikorosho inayozaa, siku inaweza kufika ng'ombe wa jirani akafa na watu wakamtazama yeye. Wapo wazee waliokatwa mapanga usingizini. Wapo waliokimbia wakaacha sufuria mekoni. Baba mdogo alijua hivyo kuliko mimi. Miezi mingi kabla ya habari ya mashine alikuwa ameanza kupaka nywele rangi nyeusi ya dukani, ile ya kopo dogo, na kwa kuwa alijipaka mwenyewe bila kioo, masikio yake yalikuwa meusi nusu. Watoto walimcheka. Mimi pia nilicheka, na ninaona aibu.

Kaka aliniita chini ya baraza lake. Aliongea polepole, jinsi anavyoongea akiwa ameshaamua.

"Ndugu yangu, wewe ni fundi. Umebadilisha kila kitu. Sasa niambie, mashine ina nini?"

Nikasema bado naichunguza.

"Unachunguza nini tena? Kwangu inafanya kazi. Kwako inafanya kazi. Ikifika kwake inakufa. Ukiirudisha inafufuka. Chuma hakina macho, nani anaiambia hapa ni kwa nani?"

Hakulitaja neno lenyewe, la mchawi. Kwetu watu hawalitamki mapema. Alisema tu kwamba Jumamosi inayokuja mzee atapelekwa kwenye kiraho. Kiraho ni kiapo, na cha kwetu ni papai. Mganga hulitia dawa, mtuhumiwa hulila mbele ya watu. Akiwa safi humeza salama. Akiwa na hatia, wanasema, mdomo humvimba. Nilijua kinywa cha baba mdogo kilivyokuwa. Alikuwa na meno mawili, na ufizi wake ulikuwa na vidonda tangu mwaka uliopita, hata chai ya moto ilimtoa machozi. Papai lile lingemchoma hata angekuwa malaika. Na baada ya mdomo kuvimba mbele ya wana wa kaka na vijana wengine waliokunywa tangu asubuhi, sikutaka kufikiria kingefuata nini.

Ningependa kuandika kwamba nilisimama nikamtetea. Sikusimama. Nilisema, "Haya, tutaona." Na jambo baya zaidi ni kwamba na mimi nilikuwa nimeanza kuamini. Si kuamini kabisa. Ni kile kiasi kidogo kinachomfanya mtu azunguke njia ya nyuma. Kwa wiki nzima sikupita kwa mzee kumpa shikamoo. Nikimwona anaota jua mlangoni pake, nilijifanya natafuta kitu chini.

Siku mbili kabla ya Jumamosi niliipeleka mashine Malindi mjini kwa fundi wa pikipiki na jenereta, mzee wa Kiislamu mwenye kofia iliyolowa oili, ambaye watu walimsifu kwa subira yake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akafungua tangi, akanusa petroli, akafunga, akaiwasha. Ikanguruma dakika tatu bila neno.

"Bwana wangu," akasema, "mashine hii haina maradhi."

"Inazima, fundi. Nakuapia."

"Sikatai. Lakini wewe waniletea ikiwa hai, mimi nitatibu nini? Niletee ikiwa imekufa."

"Nikiibeba kuja huku itakuwa imeshafufuka."

"Basi usiibebe. Ikifa hapo ilipofia, kaa nayo hapo hapo. Usiirudishe nyumbani, usiiongeze mafuta, usiifanye lolote. Itazame. Kisha gusa kitu kimoja kimoja."

Nikaondoka nimekasirika. Nilitaka spea, yeye akanipa nasaha. Njiani nilikuwa nikimlaumu kwamba hajui kazi, mpaka nilipofika karibu na nyumbani nikatambua hasira yangu ilitoka wapi. Pale mashine ilipokuwa ikifia ni mlangoni kwa baba mdogo. Kukaa nayo pale maana yake ni kukaa naye.

Asubuhi iliyofuata, Ijumaa, nilijaza tangi, nikaanza kwa kaka kama kawaida. Nilikata njia yote bila kusimama. Karibu na mkorosho sauti ikawa nyembamba, ikapanda, ikakohoa, ikazima. Nikaitua chini, nikaketi kwenye mzizi. Sikuwa na hakika naogopa nini, mashine au mtu.

Baba mdogo akatoka. Alikuwa na kigoda mkononi, akakiweka karibu nami, na yeye mwenyewe akakaa kizingitini.

"Shikamoo, baba," nikasema. Sauti ilitoka ndogo.

"Marahaba, mwanangu. Ni siku nyingi." Hakuongeza neno juu ya hizo siku nyingi. "Imekufa tena?"

"Imekufa."

"Nimekuwa nikiisikia kila siku ikifa. Mimi naketi ndani, naomba ipite. Nasema leo tu, ipite mlango huu, izimie mbele. Haipiti."

Nikajifanya naitazama mashine, na kwa kujifanya nikaitazama kweli. Kwenye kabureta kuna kipira kidogo cha kubonyeza kwa kidole, cha kuvuta petroli kabla ya kuwasha. Kwa kawaida ukikibonyeza kinarudi. Hiki kilikuwa kimebonyea chenyewe, kimenyauka ndani, na hakikurudi. Nikakigusa. Kikabaki vile vile.

Mzee akainama akakitazama. Macho yake yalikuwa bado mazuri.

"Hapa mafuta yanatokea wapi?"

Nikamwonyesha tangi, na kimrija kinachotoka humo.

"Na hewa ya kuingia tangini inapita wapi?"

Nikasema hewa haiingii tangini, tangi ni la petroli.

Akanitazama kama alivyokuwa akinitazama nikiwa mtoto. "Wewe, nimebeba madumu ya mnazi miaka arubaini. Dumu ukilifunga kabisa, ukatoboa chini, litatoa kidogo halafu litagoma. Lazima ulegeze juu. Hata kopo la mafuta ya kupikia mkeo analitoboa matundu mawili, moja la kumimina, moja la kupumua. Legeza hicho kifuniko."

Nikakilegeza. Tangi likavuta pumzi, sauti ndefu nyembamba ya hewa inayoingia, na kile kipira kikainuka chenyewe. Nikavuta kamba. Ikawaka pale pale, mbele ya mlango wake, ikanguruma mpaka kuku wakakimbia.

Nikaizima mwenyewe. Nilikipindua kifuniko. Katikati yake kulikuwa na kitundu kidogo kuliko tundu la sindano, na kilikuwa kimejaa sabuni. Sabuni yangu. Nikijaza tangi pomoni, hewa iliyobaki juu huwa ndogo, injini inanyonya robo saa, halafu hainyonyi tena. Robo saa ni kutoka kwa kaka hadi kwa mzee. Nikirudi nyumbani nafungua tangi kuangalia mafuta, hewa inaingia, mashine inafufuka. Kama ningeanzia kwa mzee, kama adabu ilivyotaka, ingekuwa inazima mlangoni kwa kaka kila siku.

"Hii ni sabuni," akasema baba mdogo. Alikuwa amekichukua kifuniko, anakikwaruza kwa ukucha.

"Ni sabuni."

"Nani kaitia?"

"Mimi, baba. Ilikuwa ikinimwagikia."

Hakunigombeza. Alipumua, nikaona mabega yake yakishuka. Halafu akanirudishia kifuniko na sabuni yake, akaniambia nisikizibue bado. Kesho niwakusanye, nianzie hapa kwake, waione inazima kule. Halafu nizibue mbele yao, waone kilichomo, niwaambie kimetoka wapi.

"Lakini usiwaambie mimi ndiye niliyesema ulegeze," akasema. "Wakisikia nimeifungua mimi, watasema hata kuifunga niliifunga mimi. Sema umegundua wewe. Wewe si ndiye fundi?"

Nikamwahidi. Siku ile nilikula chakula cha mchana kwake, wali na samaki wa kukaanga, na yeye akala wali uliolowekwa kwenye maji ili asiumie. Nilijisikia mwepesi.

Jumamosi asubuhi walikuja watu wengi kuliko nilivyotaka. Kaka, wake zake, wanawe, majirani, na wazee wawili wa ukoo waliokuwa wamekuja kumsindikiza baba mdogo kwa mganga. Yeye alisimama pembeni amevaa kofia. Nikasema kabla hatujaenda popote, naomba kuwaonyesha kitu. Nikajaza tangi mbele yao. Nikaanzia kwa baba mdogo, nikakata pale mlangoni pake, mashine haikuzima. Kulikuwa na minong'ono. Nikapita kwangu. Nilipofika kwenye uwanja wa kaka, sauti ikawa nyembamba, ikapanda, ikakohoa, ikafa kwenye ngazi za baraza lake.

Kaka alitazama mashine, akatazama miguu yake.

Nikalegeza kifuniko, wote wakasikia ile pumzi. Nikavuta kamba, ikawaka. Nikaizima, nikachukua pini, nikazibua kile kitundu, nikawaeleza habari ya hewa na madumu na kopo la mafuta, nikijisifu kidogo kwa maneno ambayo hayakuwa yangu. Wazee wa ukoo wakatikisa vichwa. Mmoja akacheka. Nikaona tumeshinda.

Kisha kaka akauliza, "Na hicho kilichoziba ni nini?"

Kwenye ncha ya pini kulikuwa na kitu kidogo cheupe kama ukoko wa uji. Wana wa kaka walikuwa wamenizunguka, wale wanaoniita baba fundi. Mke wangu alikuwa nyuma yao. Nilimwona baba mdogo amenyoosha shingo kidogo, ananisubiri. Neno lenyewe lilikuwa fupi. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi usiku kucha.

"Ni uchafu," nikasema. "Vumbi na oili." Nikaifuta pini kwenye suruali.

Sijui kwa nini. Nimejiuliza mara nyingi, na jibu ninalopata ni dogo, ndiyo maana linaniuma. Sikutaka kuonekana mjinga. Ni hilo tu. Maisha ya mtu yalikuwa mkononi mwangu, na mimi nikawaza watanicheka.

Mke wa kaka ndiye aliyesema kwanza. "Miaka yote hotelini haikuziba, ije izibe huku? Uchafu gani huo unaojua kuingia tundu la sindano?"

"Ndiyo," kaka akasema, na niliona uso wake ukirudiwa na nguvu. "Uchafu unaweza kutumwa."

Nilisema hapana, nikasema ni vumbi, nikasema hata mashine za Bofa ziliziba. Kadiri nilivyosema ndivyo nilivyosikika mwongo, kwa sababu nilikuwa mwongo. Wazee wakaamua kiraho kiahirishwe. Hawakusema kimefutwa. Watu wakatawanyika taratibu, na baba mdogo akarudi kwake bila kunitazama. Nilikwenda kwake jioni. Alikuwa amefunga mlango, akaniambia kutoka ndani kwamba anaumwa na meno.

Wiki mbili baadaye mbuzi wa kaka alikufa. Asubuhi yake baba mdogo alifungua mlango akakuta papai kizingitini, limepasuliwa katikati, mbegu zimemwagwa. Hakuna aliyesema ni nani. Alimpigia binti yake, na kesho yake binti akaja kumchukua. Nilimbebea begi mpaka barabarani. Lilikuwa jepesi. Alivaa kofia ile ile, na rangi nyeusi ilikuwa imemchuruzikia shingoni kwa jasho. Nilimwambia, "Baba, nitawaambia." Akasema, "Sawa," kwa upole, kama mtu anayemjibu mtoto anayeahidi kuwa rubani.

Niliwaambia Desemba, ukoo ulipokusanyika kula Krismasi. Nilisimama kabla ya chakula nikasema ile ilikuwa sabuni, niliitia mimi kwa mkono wangu, na aliyegundua ni baba mdogo. Niliogopa sana kabla ya kusimama. Wakacheka. Walicheka kweli, mpaka mke wa kaka akajifuta machozi, na tangu siku hiyo wananiita baba sabuni. Ni hicho tu nilichokuwa nikikikimbia. Kaka peke yake hakucheka sana. Alikuwa akimenya muhogo.

"Ungesema siku ile," akasema.

Ng'ombe wa kaka sasa wanafungwa chini ya mkorosho. Nilimwambia shamba lina mwenyewe. Akasema mwenyewe amehama kwa hiari yake, na nyumba isiyo na mtu si vizuri kuachwa iote majani. Basi majani nakata mimi. Kila baada ya wiki mbili naanzia pale kwa baba mdogo, kwanza kabisa, nakata kuzunguka nyumba yote mpaka chini ya dirisha. Kifuniko kinavuja kama zamani, na paja langu limebabuka. Mashine haizimi tena mahali popote.

Juzi nilimpigia simu. Yupo Kikambala, chumba kimoja na binti yake na wajukuu, na alisema ufizi umepata nafuu. Hapaki rangi tena, huko hakuna anayemtazama. Nilimweleza habari ya Krismasi, jinsi nilivyosimama nikasema kila kitu. Akaniuliza jingine.

"Na mashine, inakata?"

"Inakata, baba. Inafika mpaka mlangoni kwako."

"Na watu je, wanafika?"

Nikamwambia mtandao ni mbaya, simsikii, nitampigia baadaye. Nilikuwa namsikia vizuri kabisa.